Notisi kwa Mpangaji Sugu: Mwongozo wa Kuitoa Bolti Iliyoganda

Kabla hujashika spana, mjue unayekabiliana naye. Bolti iliyoganda ni mpangaji sugu. Aliingia kihalali, akiwa msafi, na kila mtu alimfurahia. Miaka ikapita, kodi hakuna, akaanza kujitanua, na leo ukibisha hodi anakuuliza wewe ni nani. Kujitanua huko ni jambo la kweli kabisa: chuma kikikutana na maji na hewa huzaa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kati ya thredi za bolti na za nati hakuna nafasi ya ziada, kwa hiyo kutu ikivimba inabana pande zote mbili. Bolti iliyokazwa kiwandani Japani kwa sekunde chache sasa inawatoa jasho wanaume watatu mbele ya gereji, Jumamosi mchana, huku mwenye gari akitazama saa.

Mwongozo huu unakufundisha kumhamisha mpangaji huyo kwa utaratibu: notisi kwanza, kisha mjumbe, kisha polisi, na dalali wa mahakama mwisho kabisa. Ukianza na dalali utabomoa nyumba.

Wanaoteseka zaidi ni watu wa pwani. Maji ya bahari yana chumvi karibu asilimia 3.5, na upepo huibeba hadi chini ya magari ya Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Chumvi hiyo ina maovu mawili. Huvuta unyevu, hivyo chuma hakikauki vizuri hata siku isiyo na mvua. Tena huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Gari linalovuka Kigamboni au Likoni kwa pantoni kila siku linaogeshwa na hewa hiyo asubuhi na jioni. Lakini mtu wa Dodoma asijidanganye kwamba yuko salama kwa sababu bahari iko mbali. Sehemu za Japani zenye theluji, kama Hokkaido, humwagiwa chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Gari likikulia huko linashuka bandarini rangi ikiwa inang'aa na ndani mkiwa na harufu ya upya, huku chini bolti zake zimeshakula chumvi ya miaka. Anayenunua gari bila kuinama na tochi akaangalia chini anachagua mchumba kwa picha ya kitambulisho.

Sasa tuzungumze kuhusu paipu. Kila gereji inayo, kipande cha bomba la maji kilichoegeshwa ukutani kwa heshima kubwa. Spana ikigoma mara moja tu, sauti inatoka chini ya gari: "Kijana, lete paipu!" Kijana anaichomeka kwenye mkia wa spana, na wote wawili wananing'inia. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 60 akitundika uzito wake wote kwenye ncha ya paipu ya mita 1 anatoa nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutonimita 590. Bolti ya milimita 10 ya daraja 8.8 hukazwa kwa kama nyutonimita 50. Yaani unaidai zaidi ya mara kumi ya kile ilichokazwa nacho, na hapo ni mtu mmoja tu. Chuma cha unene wa kidole hakina ubavu wa kustahimili hayo. Kichwa kinaruka, mwili unabaki ndani, na hapo umempa mpangaji hati ya nyumba.

Paipu ina mahali pake. Nati ya ekseli ya mbele, ambayo kwenye Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa zaidi ya nyutonimita 200, inaihitaji, na nati za magurudumu zilizokazwa na mtu mwenye hasira wakati mwingine pia. Kwa bolti nyembamba yenye kutu, paipu ibaki ukutani.

Tuanze na notisi. Siku moja kabla ya kazi, ingia chini ya gari na brashi ya waya. Sugua thredi zinazochungulia nje ya nati mpaka uone chuma, kwa sababu uchafu na kutu ya juu hunyonya mafuta yote kabla hayajafika kwa mhusika. Kisha paka mafuta yanayopenya. WD-40 inajulikana na kila mtu. Ilibuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na jina lake linaeleza kazi yake: kuondoa maji, jaribio la 40. Inasaidia, ila yapo mafuta yaliyotengenezwa makusudi kwa bolti zilizoganda, na hayo ni bora kuliko yenyewe. Mafundi wengi huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, lakini hujitenga, hivyo tikisa chupa kila unapotumia, na usiuweke karibu na moto hata kidogo. Dizeli nayo inafanya kazi, polepole. Oili chafu ya injini haipenyi, inapaka tu, na inamfanya anayelala chini ya gari afanane na gari.

Paka jioni, rudia kabla ya kulala, paka tena asubuhi. Mafuta yanaingia kwa kunyonywa na nafasi nyembamba, na kazi hiyo haiharakishwi na matusi. Anayepulizia sprei kisha akashika spana palepale amempa mpangaji notisi ya dakika moja. Hakuna mahakama itakayomsikiliza.

Kabla ya kuendelea, angalia gari limesimama juu ya nini. Jeki ni ya kuinua. Ya kushikilia ni stendi za chuma, zikiwa juu ya sakafu ngumu na tambarare. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa, na kazi ya bolti zilizoganda ni kazi ya kuvuta na kutikisa gari kwa nguvu zote. Fundi anayelala chini ya gari lililopandishwa kwenye tofali mbili na jiwe anaweka maisha yake rehani kwa kazi ya shilingi chache, na mwenye gari anayeliona na kunyamaza naye ana lake la kujibu. Vaa miwani pia. Kutu huanguka machoni kila unapogonga, na vumbi la chuma jichoni linakupeleka hospitali kabla bolti haijasogea.

Baada ya hapo, chagua spana kwa heshima. Gari la Kijapani litakudai saizi 10, 12, 14, 17 na 19. Bolti ya milimita 10 kwa kawaida ina kichwa cha 14. Tumia soketi ya pembe 6, maana inashika ubapa wa kichwa. Ile ya pembe 12 inashika karibu na kona, na kona ndizo kutu ilizokwisha kuzila. Spana malaya haitakiwi kabisa katika eneo hili. Kazi yake ni ya mabomba ya jikoni. Kichwa kikiwa kimeliwa mpaka soketi ya 14 inacheza, chukua ya 13 na uigonge kwa nyundo mpaka iingie kwa nguvu. Soketi za inchi zinasaidia vilevile, kwa kuwa baadhi yake huangukia katikati ya saizi za milimita. Ukivuta, vuta kuelekea kwako. Ukilazimika kusukuma, sukuma kwa kiganja kilichofunguka, ili spana ikichomoka usivunje vidole kwenye chesisi.

Sasa aje mjumbe, yaani nyundo. Nyundo ya wastani, na mapigo ya wastani, mengi. Gonga kichwa cha bolti ukiwa umenyooka nacho, na gonga ubavu wa nati huku upande wa pili ukiwa umeegemezwa chuma kizito. Lengo ni mtikisiko. Kutu ni ngumu lakini ni kavu na inavunjika. Mtikisiko unaipasua vipande vidogo, na kila ufa mpya ni mlango wa mafuta. Mashine ya upepo inafanya hilohilo kwa kasi, inazungusha na kugonga kwa pamoja, ndiyo maana mara nyingi inafungua pale paipu inapokata. Iwekee nguvu ndogo kwanza, iache ipige kwa muda, usiipe nguvu yote tangu mwanzo.

Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi wanaliona upuuzi: kaza. Kaza kidogo tu, kiasi cha kusikia inanyong'onyea, kabla ya kufungua. Kutu imejipanga kuzuia upande mmoja kama ule mwingine, na wewe unachotafuta ni mwendo wa kwanza, hata ukiwa mdogo kuliko unavyoweza kuona. Ukishaupata, fungua nusu ya robo mzunguko, rudisha, paka mafuta, fungua zaidi kidogo, rudisha tena. Ikianza kupiga kelele kali ya mluzi, usishangilie na kuendelea kuzungusha. Hiyo ni kutu iliyosagika inayojikusanya mbele ya thredi, na ukilazimisha itaganda upya njiani. Rudisha nyuma, mafuta, mbele. Bolti ndefu inaweza kukuchukua nusu saa ya kwenda na kurudi, na ndiyo nusu saa iliyo na faida kuliko zote utakazotumia siku hiyo.

Yupo mpangaji mmoja anayestahili sura yake mwenyewe: bolti iliyoganda ndani ya bushi. Mkono wa chini wa sispensheni hushikwa na bushi ya mpira, na katikati ya mpira huo kuna bomba dogo la chuma ambamo bolti hupita. Maji huingia kati ya bolti na bomba, yakakaa, na kutu ikaviunganisha viwili hivyo kwa urefu wote. Nati ya nje inafunguka kwa urahisi, fundi anatabasamu, anadhani kazi imekwisha. Anashika kichwa cha bolti na spana, inazunguka robo mzunguko, anaachia, na bolti inarudi ilipotoka. Hapo ujue unachozungusha ni mpira. Bolti haijaachana na bomba hata chembe. Vinageuka pamoja, mpira unajikunja na kurudi. Hakuna urefu wa paipu utakaosaidia, utachana bushi tu.

Wenye Subaru Forester, Legacy na Impreza za zamani wanaijua bolti ndefu ya nyuma inayopita kwenye habu na kushika mikono ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Hiyo ni mwalimu wa wengi. Wenye magari yenye sispensheni huru ya nyuma, kama RAV4, wana bolti zenye wosha za mviringo uliopinda upande, zinazotumika kupanga magurudumu. Zikiganda, gari linakwenda kwenye alaimenti na kurudi lilivyokwenda, na tairi zinaendelea kulika upande wa ndani. Mwenye gari ananunua tairi, baada ya muda ananunua tena, na bolti inakaa kimya.

Amua mapema: je, bushi hiyo inabadilishwa? Ikiwa inabaki, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti ili nyundo isiharibu thredi, paka mafuta pande zote mbili, halafu mmoja agonge ncha huku mwingine akizungusha kichwa kwenda na kurudi. Usitumie moto hapo, mpira utaungua. Ikiwa inabadilishwa, na gari likiwa la umri wa magari mengi yanayotufikia naona ni heri ibadilishwe, usipoteze siku. Kata. Sehemu mbili, kati ya uso wa bushi na kuta za mabano, kwa gerenda yenye diski nyembamba au msumeno wa chuma, na mkono wote unadondoka. Sharti ni moja tu: bolti mpya, nati, wosha zake na bushi viwe mkononi kabla hujakata. Kwenye maduka ya Gerezani na Ilala, Dar es Salaam, utapata bolti iliyotolewa kwenye gari jingine, ambayo ni mpangaji yuleyule aliyehamishwa kutoka nyumba nyingine. Kwa sispensheni, nunua mpya ya daraja linalotakiwa. Namba 8.8 kichwani maana yake ni kwamba chuma hicho hukatika kwa mvuto wa karibu megapaskali 800 na huanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya huo. Bolti isiyo na alama yoyote, ya dukani kwa fundi wa madirisha, haina haki ya kushika gurudumu la gari lenye watoto ndani.

Nati ikiwa haijafunguka kwa mafuta wala nyundo, na hakuna mpira karibu, sasa ita polisi: moto. Wengi huuelekeza mahali pasipofaa. Choma nati, si bolti. Nati ikipata joto inatanuka na tundu lake linapanuka, bolti ikiwa bado na ubaridi kiasi, na kutu katikati inapasuka. Choma haraka, jaribu kufungua ingali ya moto. Isipokubali, iache ipoe kidogo, gusisha mshumaa kwenye mpaka wa nati na bolti: nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya thredi kwa ulaini ambao mafuta hayana. Nati inayowaka nyekundu iliyofifia iko karibu na nyuzi 600. Bolti iliyofikishwa huko imepoteza ugumu wake, hata ikitoka nzima hairudi kwenye gari.

Moto una masharti yake, na hapa sitaki tubishane. Futa mafuta na asetoni yote uliyopaka, na uache pakauke kabisa. Jua tanki la petroli liko wapi, na mabomba yake, na hosi za breki. Usichome shokapu hata kidogo. Ndani mna mafuta na gesi iliyofungiwa, inalipuka. Baadhi ya sprei za kusafishia breki zina klorini, na zikipata joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Na kama nati imeingia kwenye aluminiamu, ujue aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 bila kukuonya, na unachoona ni kipande cha injini kikidondoka sakafuni.

Mambo madogo mawili nayapitia haraka. Nipeli ya breki usiiguse kwa spana ya mdomo wazi, ni laini na ina tundu katikati. Soketi ya pembe 6, mafuta ya tangu jana, kugonga kidogo pembeni. Ikikatika, andaa fedha ya kalipa. Plagi zilizo kwenye silinda hedi ya aluminiamu zifunguliwe injini ikiwa imepoa, kwa sababu ya moto inakwenda na thredi za hedi.

Tuseme kichwa kimekatika, na sasa ni zamu ya dalali wa mahakama. Hapo wengi hukimbilia kitoa bolti, kile chuma chenye meno ya kushoto kinachogongwa ndani ya tundu. Chuma hicho kigumu mno, kikikatika ndani hakuna drili ya kawaida itakayokigusa, na tatizo moja linakuwa mawili. Mimi naamini kuchomelea. Weka nati juu ya kisiki, jaza weldi katikati ya nati mpaka ishike kisiki, subiri kidogo, fungua polepole. Joto la weldi lenyewe hufanya nusu ya kazi. Tenganisha betri kwanza, na waya wa ardhi uubane karibu na kazi, vinginevyo umeme utapita kwenye kompyuta ya gari. Ikishindikana ndipo unatoboa: piga nukta katikati kabisa ya kisiki, anza na drili ndogo, mwendo wa polepole, mafuta ya kukatia, halafu panda saizi. Drili inayokata kinyume, upande wa kufungua, mara nyingi huikuta bolti imechoka na kuitoa yenyewe kabla hujafika mwisho.

Nyumba ikiwa tupu, isafishe kabla ya kumpa mtu mwingine. Pitisha tapu ya saizi sahihi kwenye thredi za zamani. Bolti nyingi za milimita 10 za Kijapani zina hatua ya 1.25, si 1.5 kama za fundi wa madirisha, na ukichanganya utaharibu zote mbili. Paka grisi ya kuzuia kuganda kwenye mwili wa bolti, hasa ile sehemu laini inayopita ndani ya bomba la bushi, maana ndipo ilipokuwa vita. Kwenye thredi paka kidogo, ukikumbuka kwamba grisi hupunguza msuguano: spana ya torki ikisema 80, bolti yenye grisi imevutwa zaidi ya ile kavu. Nati za magurudumu ziache kavu na uzikaze kwa kipimo cha kiwanda, ambacho kwa Toyota nyingi ndogo ni nyutonimita 103. Palipotakiwa gundi ya thredi usiweke grisi.

Bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia. Zishike kwa mkono, shusha gari, liache likae kwa uzito wake, lisukume mbele na nyuma mara kadhaa, kisha ingia chini na ukaze kwa kipimo. Bushi iliyokazwa mkono ukiwa umening'inia huishi imejikunja kila gari linapokuwa barabarani, na huchanika mapema. Halafu nenda alaimenti siku hiyohiyo.